Kaskazi inavuma na nyinyi ni watu wanne tu: ushauri wa resi za mashua Lamu

Watu huniuliza sana, resi ya mashua siku ya upepo mtaiendeshaje kama mabaharia ni wachache, manake Lamu upepo ukizidi kila nahodha anatafuta watu wengi, uzito ndo unaoshikilia mashua isilale. Ni kweli hiyo. Lakini saa zingine vijana wameenda kuvua, wengine wamechukua watalii, mnabaki wanne na resi iko palepale. Mimi hivo nimekimbia sana tu na kusema kweli napenda, watu wanne wanaojuana ni afadhali kuliko wanane ambao kila mmoja ni nahodha.

Kwanza tanga. Hapa ndo watu wanaharibu kabla hata ya kuondoka ufuoni. Tanga letu halipunguzwi njiani kama yale ya yoti, ukishapandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, ndo hilo hilo mpaka mwisho, kwa hivo uamuzi unafanywa ukiwa bado mchangani. Ukisimama kijijini Shela ukaona mawimbi meupe kule mlangoni kwa bahari kuu na ni asubuhi tu, basi tia tanga dogo, manake kaskazi, huu upepo wa msimu wa kutoka kaskazini-mashariki, Januari mchana huzidi. Utachekwa, wallahi utachekwa. Waache wacheke. Tanga kubwa na watu wanne maana yake mtakuwa mnalegeza njia nzima, na tanga lililolegezwa linapigapiga tu, halivuti kitu.

Farumi yetu, yaani uzito wa kuituliza mashua, ni magunia ya mchanga, na mimi nasema yajazwe nusu tu, mengi madogo badala ya machache makubwa, kwa sababu mkigeuza mtu mmoja lazima aweze kulitupa gunia upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, bila kuita mwenzake. Na usiyafunge. Mashua ikianza kujaa maji unataka mchanga utoke haraka sana.

Sasa demani, kamba ya kuvuta na kulegeza tanga, hii ndo roho ya siku yenyewe. Mpe mtu mwenye akili tulivu, si yule mwenye misuli. Azungushe kamba mara moja tu kwenye kiguzo, mwisho wake abaki nao mkononi, hata mkono ukifa ganzi asipige fundo. Macho yake yasiwe kwenye tanga wala kwa washindani, yawe majini upande wa joshi, upepo wa kishindo unauona kabla haujafika, maji yanakuwa meusi yenye vikunjo vidogo yanakuja mbio kwako. Yakikaribia anaachia kidogo, kama urefu wa mkono hivi, mashua inainuka, upepo ukipita anavuta tena. Akingoja mpaka maji yaingie ukingoni ameshachelewa, na nahodha naye asidhani usukani utamuokoa, mashua zetu ni nzito kugeuka, demani ndo inaanza kisha usukani unafuata. Wa kwenye ubao, wale wanaokaa nje ya ukingo kuizuia mashua isilale, pia waangalie, upepo ukikatika ghafla warudi ndani mbio la sivyo wanaogeshwa, na watu wa ufuoni hawaachi kukumbusha.

Kubisha kurudi Lamu, yaani kwenda pembepembe dhidi ya upepo, ndo kazi. Kila mkigeuza kuna demani ya kuachia, foromali kuzungushwa mlingoti, magunia, ubao, yote hayo na watu wanne, na hapo wenye watu wengi wanawapita. Kwa hivo geuzeni mara chache. Endeni mbali kila upande hata kama roho inataka kugeuza mapema, ila kule kwenye mikoko ya kisiwa cha Manda mmoja awe mbele anaangalia rangi ya maji, usukani ukigusa mchanga resi imeisha. Na kabla ya kutoka kila mtu ajue kazi yake kwa mdomo, wewe magunia, wewe ubao, msianze kuulizana katikati.

Mkondo nao usiusahau, hasa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yakiwa yanajaa yanaingia kutoka bahari kuu kwenda upande wa mjini, kwa hivo ukibisha dhidi ya kaskazi mkondo unakusukuma, kaa katikati penye kina hata kama mawimbi ni mabaya, manake upepo na maji vinapigana hapo. Yakiwa yanakupwa ni kinyume, jibanze kandokando ambako mkondo umelegea. Nimeona mashua yenye mbio kuliko zote imekaa katikati inavuka maji vizuri kabisa huku ardhi haisogei!

Kwenda na upepo watu hupumzika, wanaanza kupiga kelele na kuimba. Ndo pale pale pa kupindukia. Nahodha asiuache upepo ukae nyuma kabisa, aupokee kidogo ubavuni, kwa sababu ukipita upande wa pili wa tanga bila kutarajia foromali inaweza kuvunjika au mashua ilale papo hapo. Uzito wote urudi tezini, huko nyuma, ili omo, yaani mbele ya mashua, isichimbe wimbi.

Laifujaketi vaeni, najua zinachoma na zinabana, vaeni tu. Ndoo ya kutolea maji mashuani ifungwe kwa kamba ndefu, mbili kama zipo. Na yule wa demani mtafutieni glavu za kazi za ngozi, kamba ya nailoni ikilowa inachuna viganja na huyo mtu bado mnamhitaji kwenye resi ya alasiri.