Katika jamii kamilifu, mlalamikaji angekaa wapi?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo jamii kamilifu, isiyo na dhuluma, njaa wala mgawanyiko, inaweza kuwepo siku moja. Jibu langu ni kwamba haiwezi, na sitasingizia uchoyo wa binadamu kama wengi wanavyofanya. Wachoyo wapo kila mahali, lakini nchi yetu imewahi pia kuwa na watu wengi waliokuwa tayari kugawana jasho lao. Tatizo ninaloliona liko kwingine. Watawala wakishaamini kwamba wanaijua sura ya jamii kamilifu, mtu anayesema kuwa mpango huo unamuumiza hana tena pa kusimama. Malalamiko yake hayachukuliwi kama taarifa juu ya jamii. Yanageuzwa kuwa ila yake mwenyewe, kwamba hajaelimika, au ni mvivu, au anatumiwa na maadui.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa hapa Tanzania. Mwaka 1960, kabla nchi haijapata uhuru, vijana wa TANU, Ntimbanjayo Millinga akiwa mmoja wa viongozi wao, walikwenda kufungua mashamba Litowa, upande wa Songea. Jaribio lao la kwanza lilivunjika kwa kukosa chakula, kisha wakarudi wakiwa wamejipanga vizuri zaidi. Vijiji vingine vikafuata nyayo zao, na mwaka 1963 vikawa na chama chao kilichosajiliwa, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walilima pamoja na kugawana mavuno, wakaanzisha shule ambayo watoto walisoma na kulima, wakapata mashine ya kusaga nafaka na ya kupasua mbao, na mambo yao waliyaamua katika mikutano ya wanakijiji wenyewe. Hakuna aliyepelekwa huko kwa lori, na aliyeona maisha hayo hayamfai aliweza kufunga mizigo yake akaondoka. Mwalimu Nyerere alivutiwa nao sana, na vijiji hivyo vilikuwa miongoni mwa mifano hai aliyokuwa nayo alipotoa sera ya ujamaa vijijini mnamo Septemba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha.

Naisisitiza Litowa kwa sababu, kama kuna mahali katika historia yetu palipokaribia kile ambacho swali lenu linakitafuta, ni hapo. Lakini tazama uzuri wake ulitoka wapi. Ulitokana na uwezo wa wanakijiji kukataa: waliweza kumkatalia mwenzao, kumkatalia kiongozi wao waliyemchagua, na hata kumkatalia afisa wa mkoa aliyetaka walime zao ambalo wao hawakuliona kuwa na faida. Uwezo huo huo ndio uliowaponza. Kwa wakubwa wa chama tawala cha TANU mkoani, wakulima wanaojiamulia mambo yao walionekana kama dola ndani ya dola, na mnamo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama chao, na mali zake zikachukuliwa. Nchi iliyokuwa ikitangaza ujamaa ilikifuta chama cha watu waliokuwa wakiuishi kwa hiari.

Mwaka 1968 Mwalimu alikuwa ameandika kwa ufasaha kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu kutoka nje. Miaka mitano baadaye, Novemba 1973, ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na ikapangwa kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mkazi wa mashambani awe kijijini. Mamilioni ya watu walihamishwa. Siamini kwamba Mwalimu alibadilika akawa mtu mbaya. Naamini kwamba aliiona picha nzuri mno, shule na zahanati na maji safi kwa kila mtu, kiasi kwamba kusubiri ridhaa ya watu kulianza kuonekana kama kuwanyima haki yao. Hapo ndipo ndoto ya ukamilifu inapokuwa hatari hata mikononi mwa mtu mwadilifu, na yeye alikuwa mwadilifu.

Bibi yangu mzaa mama alihamishwa katika operesheni hiyo, huko Mtwara. Alikuwa na mikorosho aliyoipanda na marehemu mumewe, na nyumba yao ilikuwa katikati ya shamba, kwa hiyo kupalilia, kuokota korosho na kufukuza nguruwe pori vilikuwa kazi za mlangoni. Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa kwa mstari kando ya barabara, mbali na shamba, na nyumba yake ya zamani iliezuliwa paa ili asirudi. Msimu wa kwanza alikuwa akitoka alfajiri kwenda kupalilia. Baada ya misimu michache magugu yalishinda, moto wa msituni ukapita chini ya miti, naye akaacha kwenda. Hakuwa peke yake. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, na bei duni kwa mkulima vilichangia, lakini kumtenga mkulima na miti yake kulichangia pia, na jambo hilo mkulima yeyote angelisema mapema kama angeulizwa.

Hata hivyo, sitaki kusimulia nusu ya habari. Katika kijiji hicho hicho alichopelekwa bila kuulizwa, bibi alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, na mama yangu akaingia darasa la kwanza, mtoto wa kwanza wa kike katika ukoo wao kufanya hivyo. Bibi hakuwahi kuniambia kwamba kimoja kilifidia kingine. Alikuwa akisoma barua zetu mwenyewe, kwa sauti, akijivunia kila neno, na alikuwa akiililia mikorosho yake hadi uzeeni. Anayemwambia mtu kama yeye kwamba hesabu ilitoka sawa amejipa mamlaka ya kupima machozi ya mwenzake, na kila mpango wa jamii kamilifu lazima ujipe mamlaka hayo, kwa sababu bila hivyo hauwezi kutangaza kwamba umekamilika.

Najua kuna atakayenijibu kwamba Litowa ingeachwa iendelee, ingefika. Natamani ingeachwa, lakini nadhani isingefika. Waanzilishi waliichagua, watoto wao walizaliwa humo. Kijana aliyekulia Litowa angetaka siku moja kuwa fundi mjini, au kulima shamba lake peke yake, au kuoa mtu asiyependa mikutano, na kijiji kingelazimika ama kumzuia, kikapoteza hiari iliyokijenga, ama kubadilika kwa ajili yake, na hivyo kukiri kwamba hakikuwa kamili. Mimi ningependa kibadilike. Mpango wowote wa maisha huwakuta watu wasiokuwepo ulipopangwa, na watu hao nao wana akili zao.

Kwa haki ya Mwalimu, ni lazima niseme kwamba mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliandika waziwazi kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea. Viongozi wachache wameandika hivyo juu ya kazi ya maisha yao wakiwa bado madarakani. Nayaheshimu maneno hayo kuliko hotuba zote za ushindi.

Kilichobaki kutoka enzi zile, na ambacho nakithamini kuliko ndoto yenyewe, ni mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, na mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa mbele yake. Sehemu nyingi mkutano huo hauitishwi kwa wakati, au huitishwa siku ya gulio ili watu wasije, au taarifa husomwa haraka bila nakala kugawiwa. Hayo yanarekebishika, na kuyarekebisha hakuhitaji binadamu wapya. Mama yangu huhudhuria kila unapoitishwa. Mara ya mwisho aliuliza fedha za michango ya zahanati zimefikia wapi, mtu mmoja akamzomea, wengine wakamnyamazisha aliyezomea, na mwenyekiti akalazimika kuahidi kwamba stakabadhi zitaletwa kwenye mkutano ujao. Mama ameiandika ahadi hiyo pamoja na tarehe yake.