Vijana, acheni kushikashika hiyo valvu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya tangi za samaki wa maji ya chumvi huku Kisumu na Nakuru, nawapenda lakini mtanipandisha presha. Juzi tena napigiwa simu kuhusu dinaitreta, kile chombo cha bakteria wanaoondoa naitreti, uchafu unaotokana na chakula na kinyesi cha samaki: "omera, hii dinaitreta haifanyi kazi," namuuliza uliifunga lini, ananiambia Jumamosi. Jumamosi! Na valvu ameshaizungusha asubuhi akaongeza, jioni akapunguza, halafu anashangaa naitreti imekaa palepale. Sasa wacha niandike mara moja, mkinipigia tena nitawatumia hii.

1. Bakteria hawajui mteja wako anataka nini. Mle ndani tunataka oksijeni iishe kwanza, ndio waanze kutumia naitreti badala yake na kuitoa kama gesi ya naitrojeni. Iwe ni ile ya koili, mrija mrefu uliozungushwa, ambayo mwanzo wa mrija ndio unamaliza oksijeni, iwe ni ya chembe za salfa, kukomaa ni wiki kadhaa, na kila ukifungua valvu kwa fujo unawarudishia oksijeni unaanza upya. Tunataka maji yatoke kwa matone ya kuhesabika. Ukisogeza valvu sogeza kidogo sana, halafu enda ukafanye kazi nyingine.

2. Pima maji yanayotoka kwenye mrija, sio ya tangi peke yake. Mwanzoni kutatoka naitraiti, hatua ya kati kati ya naitreti na gesi, usishtuke, kazi imefika nusu. Shida ni kwamba vipimo vyetu vingi hugeuza naitreti kuwa naitraiti kwanza ndio rangi itokee, kwa hivyo naitraiti kidogo tu ikiwa tayari imo, rangi inapanda mpaka unaapa kwamba mashine inatengeneza naitreti badala ya kuiondoa. Kuna kijana wa Nakuru, mkono wake mzuri kabisa kwa mabomba, alinitumia picha ya kichupa kimeiva wekundu, na kabla sijajibu akawa ameshafungua dinaitreta yote akaiosha na maji ya mfereji yenye klorini. Akanitumia na picha ya pili, chembe za salfa zimeoshwa zikang'aa, eti "sasa iko safi bos." Kweli ilikuwa safi. Hakuna kiumbe hata mmoja aliyebaki mle ndani.

3. Stima. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe niliua, na bado naona nyinyi mkielekea hukohuko.

Ilikuwa kwa mzee fulani pale Milimani, Kisumu, tangi kubwa sebuleni, matumbawe mazuri. Stima ikapotea usiku kucha. Pampu ya hewa ya betri iliwashikilia samaki, nilipofika asubuhi wote wazima, nikajiona mjanja sana. Stima ikarudi, pampu zikashika, lakini dinaitreta ikakataa kudondosha, mrija ulikuwa umezibwa na ule uteute wa bakteria. Ningetumia akili ningejiuliza maji ya mle ndani yalikuwa yanafanya nini usiku mzima bila kusonga. Naitreti iliisha mapema, na ikiisha wanachukua zamu bakteria wanaotumia salfeti, na maji ya chumvi yamejaa salfeti, na wao kinyesi chao ni haidrojeni salfaidi, sumu tupu. Mrija ulikuwa umepiga weusi kwa ndani, niliuona kwa macho yangu haya, nikasema ni uchafu tu. Nikafungua valvu yote ili isukume ule uteute utoke. Mdomo wa mrija ukiwa ndani ya sampu, lile tangi dogo la chini ya kabati linalorudisha maji kwenye tangi kubwa.

Jameni, ile harufu. Mayai viza sebule nzima, wageni wameshika vikombe vya chai. Mzee akakimbia jikoni kufunga mtungi wa gesi akidhani unavuja, akarudi akafungua madirisha, mimi nimepiga magoti mbele ya kabati najifanya natafuta spana. Wa kwanza kuanguka walikuwa kamba, wale wenye mstari mweupe katikati ya mgongo mwekundu, mmoja akalala ubavu juu ya jiwe, ndevu zake ndefu zikipeperuka na mkondo wa maji tu, yeye hasogei. Halafu samaki wakapanda juu wanahema. Nilifunga valvu, nikaongeza hewa kila mahali, nikaweka kaboni mpya ya kuchuja, nikabadilisha maji yote niliyokuwa nimechanganya. Samaki wengi walipona. Kamba wote walikwenda, na pesa ya mwezi huo sikuwa na uso wa kuiuliza.

Kwa hivyo stima ikirudi: mdomo wa mrija kwenye ndoo, mwaga nje mpaka harufu iishe, pima, ndio urudishe kwa sampu, tena karibu na skima, ile mashine ya povu inayotoa uchafu, ili ipate hewa. Hiyo ndoo muiache hapohapo chini ya kabati isitoke.

Ukiwa na kipimo cha ORP, kinachoonyesha kwa umeme hali ya oksijeni ndani ya dinaitreta, kati ya -50 na -200 mV uko sawa, ikishuka kupita -300 harufu iko njiani, ongeza matone kidogo.

Dinaitreta ya salfa inatoa asidi, pitisha maji yake kwenye aragonaiti, ile changarawe ya chokaa, na upime KH, uwezo wa maji kuhimili asidi, kila wiki. Maji ya kuchanganyia chumvi ni ya RO tu, yaliyochujwa kwa utando, na wa Nakuru mnaochota visima vya floraidi msinifanye nirudie.

Na msikimbilie sifuri! Matumbawe yanataka naitreti kidogo, 2 mpaka 10 ppm (sehemu kwa milioni) inatosha, ukifuta kila kitu yanapauka na dainoflageleti, vijidudu vya majini, wanafunika mawe kama makamasi. Ukikuta tangi ina 50 ishushe polepole.

Fosfeti haiguswi na dinaitreta, hiyo utatafuta dawa yake kando, na kubadilisha maji bado kuko palepale hata chumvi ikipanda bei. Lakini kabla hujamuuzia mteja mashine yoyote, uliza nani analisha samaki. Nusu ya tangi ninazoitiwa, tatizo ni mtoto anayetoka shule na kumwaga mkebe mzima. Ficheni huo mkebe kwanza, mpime tena baada ya wiki mbili, halafu ndio mnipigie.