Maswali ya Wasomaji: Hela zimerudi Las Vegas, mbona wafanyakazi walibaki nje?

Toleo lililopita tuliandika mistari michache tu kuhusu Las Vegas, jinsi korona ilivyoufunga mji ule wa kasino kule Nevada, Marekani, na jinsi ulivyofunguka tena na kuvunja rekodi ya mapato. Nilidhani ni habari ya kupita, kumbe imewagusa wengi. Meseji zimekuja nyingi na wengine mmeandika kwa uchungu kabisa, kwa hiyo leo safu nzima tunaipa huu mji.

SWALI: Habari za kazi. Mimi nimesomea utalii. Mlisema kasino zilipata hela nyingi 2021 kuliko kabla ya korona, halafu hapo hapo mkasema maelfu ya wafanyakazi walikuwa bado hawajarudishwa. Sasa inakuwaje mji upate hela kuliko mwanzo na watu wake wakae nyumbani? Naomba unieleweshe taratibu.

JIBU: Dada yangu, swali lako ndiyo mzizi wa mambo yote, acha niende nalo polepole.

Machi 2020 gavana wa Nevada wakati huo, Steve Sisolak, aliamuru kasino zifungwe, zikakaa kufuli siku 78 mpaka Juni 4. Huu ni mji ambao kasino zake nyingi hazikuwa hata na utaratibu wa kufunga mlango maana zilikuwa zinafanya kazi usiku na mchana miaka nenda rudi. Aprili ile wageni walikuwa laki moja na kidogo tu, wakati Aprili ya mwaka uliotangulia walikuwa milioni tatu na nusu. Ukosefu wa ajira ukapanda mpaka karibu theluthi moja ya nguvukazi ya mji, yaani kati ya watu watatu wanaotafuta riziki mmoja hana kazi, na chama cha wafanyakazi wa hoteli, kile cha Culinary, kinasema asilimia 98 ya wanachama wake walikuwa nje. Hebu fikiria mtaa mzima baba hana kazi, mama hana kazi, jirani hana kazi, na wote walikuwa wanafanya kitu kile kile.

Sasa njoo kwenye hela. Mwaka 2019 wageni walikuwa milioni 42.5 na kasino za jimbo zima zilishinda kama dola bilioni 12. Mwaka 2021 wageni walikuwa milioni 32 tu, yaani milioni kumi pungufu, lakini kasino zikashinda bilioni 13.4. Wageni wachache, hela nyingi. Ilitokea hivi: watu walikuwa wamefungiwa ndani mwaka mzima, hawakusafiri, hawakwenda konsati, wengine wamepokea hela za msaada kutoka serikalini, kwa hiyo walipofunguliwa walikuja na mifuko imejaa, wengi wakiendesha gari kutoka California. Wakati huo huo wenye hoteli wakagundua kitu ambacho kwa maoni yangu kilibadilisha mji kuliko korona yenyewe, nacho ni kwamba unaweza kufungua bila kurudisha watu wote. Usafi wa chumba kila siku, mgeni aombe mwenyewe. Mapokezi, weka mashine mgeni ajiandikishe. Zile bafe kubwa za kula mpaka ushibe ambazo zilikuwa hazina faida, nyingi hazikufunguliwa tena. Wanaokuja kwa makongamano, ambao 2019 walikuwa milioni 6.6, walikuwa hawajarudi, na hao ndio wanaojaza vyumba Jumanne na Jumatano na kulisha wapishi wa karamu na wapanga viti na mafundi wa spika.

Kwa hiyo ukimsikia mkubwa wa kampuni anasema tumepona, anasema kweli kwa upande wake. Mhudumu wa vyumba anayesema hajapona naye anasema kweli. Mapato ya mji na kazi za mji ni vitu viwili ambavyo zamani vilikuwa vinatembea pamoja mpaka watu wakazoea kuvihesabu kama kimoja, korona ndiyo ikavitenganisha.

Kuna na jambo lingine halisemwi sana. Majengo mengi ya Strip, ile barabara ya hoteli kubwa, siyo mali ya kampuni zinazoendesha kasino ndani yake. Caesars Palace, MGM Grand na Venetian zote zinakaa kwenye mali ya VICI Properties, kampuni ya uwekezaji wa majengo yenye makao New York, na kasino inalipa kodi ya pango kwao. Hela inaingia Vegas usiku huu na fungu zuri linaondoka kwenda kwa wenye hisa ambao pengine hawajawahi hata kukanyaga pale.

Ila nisikuache ukidhani wafanyakazi walikaa tu kimya. Mwaka 2021 Nevada ilipitisha sheria iliyowalazimisha waajiri wa hoteli na kasino wawape nafasi kwanza wale waliopunguzwa na janga kabla ya kuajiri watu wapya, na Novemba 2023 Culinary walifika ukingoni kabisa mwa mgomo ndipo kampuni kubwa tatu zikasaini mkataba wa miaka mitano wenye nyongeza ya kama asilimia 32 mpaka mwisho wake, pamoja na kupunguziwa idadi ya vyumba vya kusafisha na ulinzi pale teknolojia mpya inapoletwa. Hiyo ya teknolojia naiheshimu sana, maana walishaona jinsi mashine zilivyoingia kimya kimya wakati wao wako nyumbani.

SWALI: Kaka mhariri, kwani hawa watu hawana akili? Si wangejenga viwanda waache kutegemea watalii! Walipigwa 2008 wakapigwa tena 2020, wanasubiri nini?

JIBU: Ndugu yangu, hasira yako naielewa, na kweli 2008 mpaka 2010 walipigwa vibaya na mdororo wa uchumi, nyumba ziliporomoka bei, ukosefu wa ajira ukapita asilimia 13, na kila mwanasiasa aliapa safari ijayo tutakuwa na uchumi wa aina nyingi. Miaka kumi baadaye wakakutwa pale pale.

Siyo ujinga lakini. Utalii unalipa haraka na unaajiri mtu bila kumuuliza cheti. Kijana anamaliza sekondari leo, wiki ijayo anaegesha magari ya wageni na bakshishi inaweza kumzidi mshahara mwalimu wake, sasa utamshawishije akakae chuoni miaka minne? Na kampuni inayotaka mainjinia ikija inakuta mainjinia wachache, inaondoka, kwa hiyo hata yule aliyesoma anahama kufuata kazi. Ni mduara.

Halafu kuna kodi. Nevada haikati kodi ya mapato kwenye mshahara wa mtu, jimbo linaishi kwa kodi ya mauzo na kodi ya kamari, yaani mgeni ndiye anayebeba mzigo mkubwa. Wakazi wanaipenda hiyo na mimi ningeipenda. Ila mgeni asipokuja, hazina nayo inalala njaa siku ile ile mwananchi anapopoteza kazi. Julai 2020 bunge la jimbo liliitwa kikao maalum kuziba pengo la dola bilioni 1.2, na walikokata ni pamoja na afya na elimu, katikati ya janga la ugonjwa! Mimi hapa ndipo ninapoona tatizo kubwa zaidi kuliko ukosefu wa viwanda. Mji unaweza kuishi kwa wageni, sawa, lakini basi uweke akiba nene sana miaka ya neema, au uwe na kodi nyingine inayopumua wageni wakikatika.

Mfano wa kubadilika upo na siyo mbali, ni jimbo lile lile. Reno nayo ilikuwa mji wa kasino, ikazidiwa California ilipoanza kuwa na kasino zake kwenye ardhi za makabila asilia, ikadorora miaka mingi. Mwaka 2014 Tesla, wale wa magari ya umeme, wakatangaza kiwanda cha betri jangwani mashariki ya mji, na leo eneo lile lina maghala na vituo vya data. Jimbo liliwapa punguzo kubwa sana la kodi, na nyumba za Reno zikapanda bei mpaka wenyeji wa kipato kidogo wakasukumwa nje, siyo pepo. Lakini kasino siyo tena kila kitu pale. Vegas yenyewe imeanza kujenga maghala upande wa kaskazini, ila kiwanda kinachokunywa maji mengi huwezi kupeleka tu, kama asilimia 90 ya maji ya kule yanatoka mto Colorado na mto wenyewe unakauka.

SWALI: Mbona wamejenga uwanja wa mpira, wameleta mashindano ya magari, wana lile duara kubwa linalowaka? Si ndiyo kubadilisha uchumi huko?

JIBU: Wamejitahidi na sitaki kuwavunja moyo. Raiders, timu ya mpira wa Kimarekani, ilihamia 2020, Formula 1 ikaja Novemba 2023, Sphere, ndiyo lile duara linalowaka, ilifunguliwa Septemba mwaka huo kwa dola bilioni 2.3, na Februari 2024 wakaandaa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Kwa mji ambao zamani ligi kubwa zilikuwa zinaukwepa kwa sababu ya kamari ni hatua, na kuna faida ya kweli: anayekuja kwa mpira siyo lazima awe mcheza kamari, na tukio moja linaweza kujaza wikendi ambayo ingekuwa baridi.

Lakini angalia vizuri nani analipa. Uwanja wa Raiders uligharimu karibu bilioni 2, na milioni 750 kati ya hizo ni za umma, zinatoka kwenye kodi ya vyumba vya hoteli. Watu wakaambiwa msihofu, mgeni ndiye atalipa. Uwanja ukafunguliwa 2020 bila shabiki hata mmoja kwa sababu ya korona, vyumba vikawa vitupu, kodi ikashuka, na ikabidi kaunti ichote kwenye akiba kulipa deni la uwanja. Umeona? Mgeni wa kasino, mgeni wa mpira, mgeni wa konsati, wote wanashuka uwanja mmoja wa ndege na wanalala hoteli zile zile, kwa hiyo wakizuiwa wanazuiwa wote kwa mpigo. Hiyo ni kuongeza aina za wageni, inasaidia mwaka wa kawaida, lakini janga likija haisaidii.

Na wakati wa Formula 1 ile ya 2023 wenye biashara ndogo pembeni ya njia ya mashindano walilia sana, barabara zilifungwa kwa ujenzi miezi, wateja wao wa kila siku wakashindwa kufika, wengine walifikia hatua ya kushtaki. Tukio lilipoitwa la mafanikio wao hesabu zao zilikuwa nyekundu.

SWALI: Kuna mji mwingine wa aina hii ulifanya vizuri zaidi? Fupi tu.

JIBU: Macau, mji wa kasino ulio chini ya China, kwa upande mmoja. Ulidhurika kuliko Vegas maana mipaka ilifungwa karibu miaka mitatu, mapato ya kasino yakaanguka kutoka pataca (hela ya Macau) bilioni 292 mwaka 2019 mpaka 42 mwaka 2022. Ila serikali ilikuwa imejiwekea akiba kubwa, ikawapa wakazi vocha za matumizi za kununulia kwenye maduka ya mji, hela ikaendelea kuzunguka mitaani. Na leseni za kasino zilipoisha 2022 serikali ikatumia nafasi hiyo, kampuni sita zilizopewa leseni mpya za miaka kumi zikatakiwa kuahidi uwekezaji wa pataca bilioni 118.8, sehemu kubwa kwenye vitu visivyo kamari. Kama itafaulu tutaona, wageni bado ni wale wale kutoka China bara. Lakini angalau serikali inayotoa leseni ilijua nguvu yake.

SWALI: Mimi naona mnakuza mambo. Korona imeisha, wageni wamerudi, kwa nini tuendelee na habari za 2020?

JIBU: Kwa sababu hata bila korona mgeni anaweza kuamua asije. Mwaka 2024 Vegas ilipata wageni milioni 41.7, bado haijafika ile ya 2019, na mwaka uliofuata badala ya kupanda ikaanza kushuka. Juni 2025 wageni walipungua asilimia 11.3 ukilinganisha na Juni iliyotangulia. Hakukuwa na ugonjwa wala amri ya gavana. Wakanada, ambao ndio kundi kubwa sana la wageni wa nje pale, walikuwa wamekasirishwa na ushuru na maneno ya serikali ya Marekani wakaamua kutumia hela zao kwingine, na Wamarekani wenyewe walichoshwa na bei, ada ya hoteli juu ya bei ya chumba, ada ya kuegesha, kinywaji bei ya mlo. Ule ujanja wa 2021 wa wageni wachache kwa hela nyingi unafika mahali mgeni anasema basi. Na wa kwanza kupunguziwa zamu safari hii ni yule yule aliyesubiri mwaka mzima kurudishwa kazini.