Ningelala kichwani mwa kinu, ila grinda ashike mwingine

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama tungekubali kuishi ndani ya kitu kilichostaafu kazi nyingine. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Ngong na riziki yangu ni makontena: nayatoboa milango na madirisha yawe duka, saluni, au chumba cha mtu aliyechoka kulipa kodi. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Ila siku hizi ninayoiwaza si kontena.

Mwaka 2024, kwenye maonyesho ya ubunifu ya Eindhoven, Uholanzi, kampuni ya umeme ya Vattenfall ya Uswidi pamoja na wasanifu wa Superuse wa Rotterdam walileta nyumba iliyotokana na kichwa cha kinu cha upepo. Kichwa ni lile sanduku la juu ya mnara, nyuma ya mapanga, linalobeba jenereta. Hicho kilikuwa cha kinu aina ya Vestas V80, kimezalisha umeme Austria miaka 20. Mitambo ikatolewa, likabaki ganda la upana wa mita 4, urefu mita 10 na kimo mita 3. Humo wakapanga jiko, bafu na pa kulala, mita za mraba 36. Chumba changu cha kwanza mjini kilikuwa futi kumi kwa kumi na tulikaa watatu. Vinaingia karibu vinne mle.

Kontena ni chuma. Saa nane mchana unakaangika, na alfajiri ya Julai dari linatoa jasho linalomdondokea aliyelala, mpaka niitwe tena kupiga mbao na plywood kwa ndani. Ganda la kinu ni faibaglasi, kama boti. Halishiki kutu. Nalo linahitaji kufunikwa ndani, msidanganyike, lakini si kikaango.

Shida ni kwamba faiba haichomelewi, na hapo ufundi wangu unaishia. Niliwahi kukata tangi kuukuu la faiba kwa grinda, mikono wazi, kitambaa tu puani. Vumbi lile! Nilijikuna siku tatu, shuka lenyewe likanikataa. Kazi hiyo waachiwe mafundi wa boti wa Mombasa, wenye barakoa zao.

Mapanga je? Huko Rotterdam yametengenezewa uwanja wa watoto kuchezea, na Casper, jimbo la Wyoming, Marekani, yamezikwa ardhini kwa sababu faiba haiyeyushwi kama chuma. Kwa kulala, panga ni jembamba mno.

Nikiinua macho kutoka karakana naviona vinu vya vilima vya Ngong. Mwaka 2009 vilisimamishwa sita vya Vestas V52, na kinu huhesabiwa maisha ya miaka 20 hadi 25, hesabu mwenyewe. Marsabit viko 365 vya aina hiyohiyo. Kichwa cha V52 ni kidogo kuliko kile cha Waholanzi, kwa hiyo mtu mmoja au wawili, basi. Ombi langu kwa wenye vinu ni moja: siku ya kushusha, ganda lisikatwe vipande ili tu liingie kwenye lori. Likikatwa ni taka.

Kiwanja changu nimeshakipima. Linaingia, ila choo cha nje itabidi kihame.