Shangazi wa Safari Anajibu: Maziwa na Mabonde ya Ticino

Toleo lililopita niliponyokwa na mstari mmoja tu, kwamba naishi Bellinzona, na barua zikamiminika. Basi mwezi huu ni Ticino mwanzo mwisho: jimbo la Uswisi lililo kusini mwa milima ya Alpi, ambako watu huzungumza Kiitaliano na minazi ya uongo (mitende ya Kichina, kwa kweli) hupandwa mbele ya benki. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu ni udobi katika nyumba ya kulelea wazee. Utalii sikuusomea. Nina kadi ya basi na wazee wanaopenda kusimulia huku nakunja mashuka yao.

Shikamoo Shangazi. Mwanangu anafanya kazi Zürich, amenialika mwezi wa tano na kunipa siku tano za kutembea huko kwenu. Nimeorodhesha Bellinzona, Locarno, Ascona, Lugano, Morcote, ziwa Como na Milano. Goti langu la kushoto si zima. Nipange vipi? — Mama wa wanne, Dar es Salaam

Marahaba, ingawa kwa hesabu ya watoto na goti huenda mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia.

Kwanza futa Como na Milano. Si kwamba ni pabaya, ila nimewaona wageni wa orodha ndefu: wanachokikumbuka ni vituo vya treni. Chukua chumba Locarno, ulale hapo hapo siku zote, usihamishe begi. Na chukua hoteli au hosteli, usilale kwa jamaa wa mwanao hata akikubembeleza, kwa sababu mgeni anayelala hotelini, hosteli au kambi ya mahema hupewa Ticino Ticket. Tiketi hiyo inakupandisha mabasi na treni za jimbo zima bure mpaka siku unayoondoka, na boti na vigari vya kamba unapunguziwa nauli. Mwaka wangu wa kwanza dada yangu alilala kwangu ili "tubane matumizi". Tulilipa nauli kila tulikokwenda, na mpaka leo ananikumbusha.

Kuja, usipande treni ya haraka. Hiyo inapita kwenye handaki la Gotthard lililofunguliwa 2016, kilomita 57, refu kuliko handaki lolote la reli duniani, na utakachokiona ni uso wako kwenye kioo. Panda ile ya njia ya zamani ya 1882. Itakuchelewesha, lakini pale Wassen reli inajizungusha mlimani ili ipate kupanda, na kanisa moja dogo jeupe utaliona mara tatu: kwanza liko juu yako, kisha mnalingana, kisha liko chini. Wakati wa kurudi ndipo upite handakini, ulale.

Bellinzona njoo Jumamosi asubuhi, siku ya soko. Ngome tatu zinasimama juu ya mji, na UNESCO iliziandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Watawala wa Milano ndio waliozijenga zilivyo, kuziba bonde lote wasishuke Waswisi kutoka kaskazini. Waswisi wakaupata mji hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1500, na majimbo matatu ya milimani yakagawana ngome, kila moja yake. Kwa goti lako nenda Castelgrande tu. Kuna lifti iliyochongwa ndani ya mwamba, unaingilia Piazza del Sole na kutokea juu kwenye majani.

Locarno kwenyewe usiikose Madonna del Sasso, kanisa la hija lililokaa kwenye jabali juu ya mji. Kuna kigari cha kamba tangu 1906, kwa hiyo goti halina kisingizio. Jioni kaa Piazza Grande chini ya matao. Mwezi wa nane uwanja huu hujaa viti vya tamasha la filamu, lililoanza 1946, na vyumba hupanda bei. Wewe wa mwezi wa tano umeokoka. Ascona ni mwendo mfupi wa basi, pazuri, ila kahawa yake inalipwa kama chakula. Morcote nayo ina ngazi zaidi ya mia nne kufika kanisani. Itazame kutoka kwenye boti.

Shangazi, viza yangu ni ya Uswisi na ni ya kuingia mara moja tu. Nasikia treni ya Centovalli inavuka kwenda Italia. Je, nikirudi nitazuiwa? — Kijana wa Arusha

Hutazuiwa. Viza uliyopewa ni ya Schengen, na Italia na Uswisi zote zimo, kwa hiyo hujatoka ulikoingia. Ila pasipoti iwe mfukoni, isibaki hotelini, maana askari wa mpakani hupita kwenye mabehewa na wewe sura yako haifanani na ya watu wa Domodossola, mji wa Italia treni hiyo inakoishia. Nasema kwa uzoefu. Njia yenyewe ni kilomita 52, ilifunguliwa 1923, madaraja kila baada ya kona. Ukitoka Locarno kaa kushoto.

Assalaam aleikum Shangazi. Binti yangu ametuonyesha kwenye simu mto wa Verzasca, maji ya kijani kama kioo na daraja la mawe lenye matao mawili. Tuna watoto watatu, wanaogelea vizuri baharini. Tunapanga kushinda huko siku nzima. Tuchukue nini? — Baba wa Muscat, asili Unguja

Waaleikum salaam, kaka. Chukueni vitafunio, viatu vya mpira vyenye kushika, na moyo wa kumnyima mtoto anachokitaka.

Daraja hilo ni Ponte dei Salti, liko kijiji cha Lavertezzo, na ni zuri kama picha inavyosema. Lakini kila mwaka kuna onyo, na kuna miaka ya misiba. Maji yanatoka mlimani, ni baridi ya kukata pumzi hata jua likiwaka. Mawe yamelainishwa na mto mpaka yanateleza kama sabuni. Juu unaona kidimbwi kimetulia, chini mkondo unavuta. Na mvua ikinyesha huko juu bondeni, mto hupanda ghafla ilhali mlipo ninyi mbingu ni safi. Mtoto wa bahari anajua wimbi linakuja kutoka wapi, hapa hajui. Miguu ichovywe ukingoni, panapoonekana kina, basi.

Mimi mwenyewe niliteleza pale mwaka wangu wa pili, nikipozi kupigwa picha. Niliyapata maji mpaka kifuani, nikashikwa mkono na mzee wa Kijerumani aliyekuwa anakula ndizi. Simu ilikwenda na mto.

Sasa nikuambie namna ya kuila siku. Pandeni basi la asubuhi kutoka Locarno, msishuke darajani, nendeni mpaka Sonogno mwisho wa barabara, zaidi ya saa moja. Njiani mtapita ukuta wa bwawa la Contra, mita 220 kwenda chini, na watu wanajirusha pale wamefungwa kamba miguuni, kwa kulipa. Sonogno ni nyumba za mawe tupu, na mapaa nayo ni ya mabamba ya mawe. Kisha teremkeni kwa miguu kufuata mto kadiri watoto watakavyoweza. Basi litawaokota mbele.

Mkitembea, angalieni vijukwaa vya mawe kwenye miteremko, na vibanda vilivyobandikwa mahali ambapo mbuzi angeshika ukuta. Pale kazini kwetu, kwenye nyumba ya wazee, tuna bibi mmoja wa bonde hilo, ana miaka tisini na kitu. Kwao hawakuwa na nyumba moja. Majira ya baridi walishuka uwanda wa Magadino penye mizabibu, masika wakapanda kijijini, kiangazi wakapanda tena na ng'ombe malishoni juu, na kila safari vyombo, mtoto mchanga na kuku vilipakiwa kwenye tenga la mgongoni. Mwanamke ndiye aliyebeba. Zamani zaidi, kabla yake, watoto wa kiume wembamba walipelekwa Milano majira ya baridi kuzoa masizi ndani ya madohani, kwa sababu mtu mzima hapenyi. Katikati ya karne ya 19 wanaume wa Verzasca na wa bonde la Maggia wakaondoka kwa wingi kwenda kutafuta dhahabu California na Australia. Bibi yangu huyo anasema mgeni akisifu bonde kwa uzuri, mama yake alikuwa akiuliza, "Uzuri unachemshwa kwa dakika ngapi?"

Shangazi, mimi ni mtu wa Ujiji. Ziwa Tanganyika liko mlangoni kwangu. Nipe sababu moja ya kutoa pesa nikaangalie vidimbwi vya Wazungu. — Mwenye Ziwa, Kigoma

Kwa maji huna sababu, ndugu yangu, nakuachia ushindi. Lako lina kina cha mita 1,470 hivi; la Lugano lina mita 288, na la Maggiore, ambalo ni kubwa zaidi, 372. Ungewaambia watu wa hapa kwamba siku nyingine upande wa pili wa ziwa lako hauonekani wangedhani unawatania.

Nitakupa sababu ya mpaka. Ziwa la Lugano limekatwa na mpaka wa Uswisi na Italia mara kadhaa, na katikati ya upande wa Uswisi kuna mji mmoja, Campione, ambao ni wa Italia ingawa umezungukwa pande zote na Uswisi. Mtu wa Kigoma anajua mpaka ukipita majini kinachofuata ni nini. Panda boti kutoka Lugano hadi Gandria, kijiji kilichoning'inia ukingoni, vichochoro vyake havipitishi gari. Ng'ambo yake, kwenye kituo cha zamani cha askari, kuna makumbusho ya forodha yanayofikika kwa boti. Ni makumbusho ya magendo! Wakati wa vita kuu ya pili mchele ulikuwa unaingizwa Uswisi kutoka Italia usiku. Baadaye kahawa na sigara zikavushwa kwenda Italia. Wabebaji walivaa viatu vya magunia ili nyayo zisisikike. Utaona mpaka nyambizi ndogo iliyotengenezwa kuvushia bidhaa chini ya maji. Nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama. Nilikuwa namkumbuka mjomba wangu na sukari ya Horohoro, ila hayo hayahusu.

Siku nyingine, kwenye boti ya kuelekea Morcote, uliza Bissone na Melide ni zipi. Ni vijiji tu, lakini Borromini, msanifu aliyeijengea Roma makanisa yanayopinda kama nguo, alizaliwa Bissone 1599, na Domenico Fontana, aliyeusimamisha mnara mrefu wa jiwe wa Misri mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro mwaka 1586, ni wa Melide. Kwao hakukuwa na shamba la kumtosha kila mtoto, wakaondoka na patasi zao. Uswisi ikaja kumchapa Borromini kwenye noti ya faranga 100. Nyumbani hakurudi kuishi.

Salaam Shangazi. Tutakula nini huko sisi tusiogusa nguruwe? — Bi wa Old Town, Mombasa

Utakula ugali, bibi. Hapa unaitwa polenta, ni wa manjano, unasongwa kwenye sufuria ya shaba juu ya moto kwa karibu saa nzima, na mzee wa Ticino akikuona unausonga kwa dakika kumi zetu atakuhurumia. Uombe pamoja na jibini au uyoga. Nyama ya kuokwa polepole iitwayo brasato iache, imelala kwenye divai. Soseji zote za luganighe ni nguruwe. Mchele wao wa risotto nao mara nyingi hunyunyiziwa divai, kwa hiyo uliza: "C'è vino? C'è maiale?" Hawakasiriki. Samaki wa ziwani wa carpione amekaangwa kisha akalowekwa kwenye siki na vitunguu, na ungedhani kapikwa na mtu wa kwenu aliyesahau pilipili. Huyo pia mwulizie divai.

Kula kwenye grotto, mkahawa wa meza za mawe chini ya miti. Nyingi hufungwa majira ya baridi. Na ukipita bonde la Onsernone nunua farina bóna, unga wa mahindi yaliyokaangwa kabla ya kusagwa. Nilipoufungua jikoni harufu ya bisi ilijaa nyumba. Natia kwenye uji.

Mjukuu wangu ananiambia Uswisi kuna vijiji visivyo na umeme mpaka leo. Anadanganya? — Babu, Morogoro

Hadanganyi, babu. Shikamoo. Ni bonde la Bavona, juu ya bonde la Maggia. Pana vijiji kumi na kitu vya mawe, na pale Foroglio maporomoko yanaanguka mita 110 nyuma ya nyumba. Miaka ya hamsini walikuja wajenzi wa mabwawa, maji ya milima hiyo yakageuzwa umeme, ila nyaya zikapita. Isipokuwa San Carlo, vijiji vyote havikuunganishwa, na sasa wenyewe wanasema hawautaki. Wana paneli za jua, gesi na mishumaa. Wanakaa kiangazi tu. Mwishoni mwa mwezi wa sita 2024 mvua kubwa ilishusha mawe na kuua watu huko, kwa hiyo kabla hujapanda ulizia barabara na hali ya hewa.

Nililala Foroglio usiku mmoja, kwa mwaliko wa mtoto wa mzee wetu mmoja. Saa tatu usiku akawasha taa ya chemli, ya utambi, ile ile ya kwetu Tanga, na akataka kunifundisha namna ya kuipunguza moto.