Bunduki ya .22 juu na .410 chini: haifungi, haiwaki

Mkuu, umeandika kwamba bunduki yako ya mitutu miwili (juu mtutu wa .22 wa risasi ndogo, chini wa .410 wa marisau) haifungi mpaka uibane kwa nguvu, na .22 nyundo inagonga lakini risasi haiwaki. Usikimbilie kununua pini, yaani ile inayogonga risasi. Mara nyingi ni uchafu tu.

Hakikisha chemba zote mbili ni tupu, tazama kisha papasa kwa kidole. Ondoa mbao ya mbele, toa mitutu kwenye bawaba.

Anza na kivuta maganda. Hiki kimoja kinahudumia mitutu yote miwili, na chembe moja ya baruti isiyoungua ikikaa chini yake inakiinua kiasi cha kuzuia bunduki kufunga. Kivute nje, sugua chini yake kwa mswaki mkavu, chokoa pembe kwa kijiti, weka tone moja la mafuta mepesi.

Mitutu isafishe kutokea upande wa chemba. Ufito wa kusafishia ukiingizwa mdomoni mwa mtutu hula kingo za michirizi inayozungusha risasi, na .22 inapoteza shabaha. Sasa angalia chemba zenyewe. Aliyekuwa akipiga .22 fupi kwenye chemba ya .22 LR (ile ndefu zaidi) huacha pete ya masizi mbele ya ganda. Chini ni hivyohivyo: magamba (risasi za .410) ya inchi 2½ kwenye chemba ya inchi 3. Ukija kutia refu, linanasa. Pete hiyo haitoki kwa kitambaa. Lowesha kiyeyusho, subiri dakika 10, kisha zungusha brashi ya shaba palepale. Kwenye .410 utaona pia michirizi ya kijivu. Hiyo ni plastiki ya gamba, brashi hiyohiyo inaitoa.

Kama risasi ni za zamani sana, fataki zake, yaani kiwashio cha baruti, huenda zinaacha chumvi. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu kutu ikiendelea chini yake. Pitisha maji ya moto, kausha kabisa, ndipo upake mafuta.

Sasa pini. Mafuta ya miaka mingi huganda kama gundi, pini ikaenda polepole, na .22 inahitaji pigo kali kwenye ukingo wa kitako chake. Dondosha kiyeyusho kwenye tundu la pini, sukuma pini mara kadhaa, futa mpaka kitambaa kitoke safi, uache karibu pakavu. Grisi hapo ni kosa. Kichagua mtutu nacho kisafishe vivyo hivyo, kikibaki katikati nyundo haigongi sawasawa. Na tafadhali usifyatue .22 ikiwa tupu: pini inagonga na kubonyeza ukingo wa chemba.

Grisi kidogo kwenye bawaba inatosha. Ihifadhi mdomo ukiangalia chini, mafuta yasitiririke kwenye mbao ya kitako; mbao iliyolowa mafuta hulainika na kupasuka.

Mwisho, ifunge bila mbao ya mbele uitikise. Ikigongagonga kwenye bawaba, usiifyatue, mpelekee fundi wa bunduki.