Mnauliza, Tunajibu: Orodha za jeni za kinga zinapopitwa na wakati

Maabara yetu ina kanzidata ndogo ya seti za jeni za kinga ya mwili: faili moja la GMT (muundo wa maandishi wa kuhifadhia seti za jeni), seti 60 hivi zilizokusanywa tangu 2013. Siku hizi programu inalalamika kwamba jeni nyingi hazionekani. Nimeanza kusahihisha majina kwa mkono, moja moja. Niendelee? — Msomaji, Kilifi

Simama hapo kwanza. Marekebisho ya mkono hayaachi kumbukumbu, na mwakani hakuna atakayejua nini kilibadilishwa wala kwa nini. Faili la zamani lifunge lisiandikike tena, weka tarehe kwenye jina lake, kisha fanya kazi yote kwa skripti kwenye nakala.

Pakua orodha kamili ya HGNC, kamati inayoidhinisha majina ya jeni za binadamu, na uandike tarehe uliyoipakua. Humo kila jeni ina jina rasmi la sasa, majina rasmi ya zamani, lakabu, na namba ambayo haibadiliki hata jina likibadilika. Linganisha kwa mpangilio huo huo: jina rasmi kwanza, lililokosekana litafute kwenye majina ya zamani, likikosekana na huko, kwenye lakabu, na ulikubali tu likiangukia jeni moja. Hapo IL8 itageuka CXCL8, TMEM173 itakuwa STING1, DARC itakuwa ACKR1, na CD20 itapatikana kama MS4A1. "CD3" haitapata jibu, na ni haki yake isipate: kuna CD3D, CD3E na CD3G, na aliyeandika CD3 alikuwa akifikiria protini iliyo juu ya seli.

Majina yanayokwama si tatizo, maana unayaona. Ya kuogopwa ni yale yanayopita kimya. Chukua TAZ. Lilikuwa jina rasmi la jeni ambayo sasa ni TAFAZZIN, inayoshughulika na kadiolipini, aina ya mafuta, ndani ya mitokondria. Lakini mtaalamu wa seli T akisema TAZ anamaanisha WWTR1, inayosukuma seli T changa zielekee Th17 (zinazochochea uvimbe) badala ya Treg (zinazotuliza kinga). Skripti yako itachagua TAFAZZIN, kwa sababu jina la zamani linatangulia lakabu. Je, imekosea? Inategemea orodha ilitoka wapi. Ikiwa ilitoka kwenye jedwali la mashine, tuseme la maikroarei au RNA-seq (njia za kupima utendaji wa jeni nyingi kwa pamoja) la miaka hiyo, TAZ ni TAFAZZIN kweli. Ikiwa mtu aliinakili kutoka kwenye maelezo ya makala kuhusu Th17, karibu hakika ni WWTR1. MLL2 nayo ni hivyo hivyo: kwa wengine ni KMT2D, kwa wengine KMT2B.

Ndiyo maana kila seti inahitaji safu ya asili: makala gani, jedwali la ngapi, ilitolewa na mashine au na mtu. Bila safu hiyo kuna makosa ambayo skripti haiwezi kuyagundua, hata iwe nzuri namna gani. Seti iliyopoteza zaidi ya jeni 1 katika kila 10 isitolewe kabla haijasomwa na mtu anayezijua seli zenyewe.

Ukimaliza, hifadhi namba za HGNC kama kumbukumbu kuu, na GMT iwe inazalishwa kutoka humo. Faili hilo halina kichwa: safu ya 1 ni jina la seti, ya 2 maelezo, zinazofuata ni jeni, zote zikitenganishwa kwa Tab. Nafasi ya kawaida ikichukua mahali pa Tab, jeni mbili zinakuwa moja isiyojulikana. Hili likague kabla ya yote; mara nyingine nusu ya "jeni zilizopotea" ziko hapo.

Tumekuta "7-Sep" na "1-Mar" ndani ya seti. Ni jeni zipi? — Msomaji, Morogoro

Excel imezigeuza tarehe. 7-Sep ilikuwa SEPT7, sasa SEPTIN7. 1-Mar ndiyo yenye utata: MARCH1 (sasa MARCHF1) na MARC1 (sasa MTARC1) zote huishia hapo. Kwenye seti ya kinga utashawishika kuandika MARCHF1, kwa kuwa ndiyo inayoondoa MHC ya daraja la pili (protini zinazoonyesha seli T vipande vya vijidudu) juu ya seli za dendriti. Usibahatishe, rudi kwenye jedwali la asili. HGNC ilibadilisha majina haya 2020 kwa sababu ya balaa hili hili.

Tumehamia toleo jipya la MSigDB, kanzidata ya umma ya seti za jeni. Data ni ile ile, lakini seti tatu zilizokuwa na FDR (makadirio ya sehemu ya matokeo ambayo ni ya uongo) chini ya 0.05 zimetoweka kwenye matokeo ya GSEA, kipimo cha kuona kama jeni za seti zinapanda au kushuka pamoja. — Msomaji, Dar es Salaam

Tazama ukubwa kwanza. GSEA huondoa kwenye seti jeni zisizomo katika data yako, ndipo hupima. Kwa kawaida hukubali jeni 15 hadi 500. Seti ya jeni 17 ikipoteza 3 kwa kubadilika majina, inaachwa nje. Hakikisha faili la CHIP, linalotafsiri majina ya jeni za data yako, ni la toleo moja na seti zenyewe, maana wengi huhuisha moja na kusahau jingine.

Kama seti zimo ila FDR imepanda, kumbuka kwamba FDR huhesabiwa kwa seti zote ulizopima pamoja. Mkusanyo wa ImmuneSigDB peke yake una seti karibu 4,900, nyingi zikigawana jeni. Ukipima seti 50 za Hallmark (mkusanyo mdogo wa MSigDB) leo na maelfu ya C7 (mkusanyo wa kinga, wenye ImmuneSigDB ndani yake) kesho, usitegemee namba zile zile. Endesha seti mpya na majina ya zamani, kisha kinyume chake, ukishikilia namba ile ile ya kuanzishia bahati nasibu (seed). Utaona badiliko lililoleta tofauti.

Na soma jina la seti hadi mwisho: A_VS_B_UP ni jeni zilizo juu kwa A zikilinganishwa na B. Tafsiri nyingi hupinduka hapo.

Seti za panya, nikibadilisha tu herufi ziwe kubwa zinatosha? — Msomaji, Kampala

Hapana. Cd14 itapita salama, lakini Klra1, mojawapo ya vipokezi vya seli NK za panya, kwa binadamu ni jeni iliyokufa. Fcgr4 ya panya inalingana na FCGR3A ya binadamu, si na jina linalofanana nayo. Tumia jedwali la jeni zenye asili moja kutoka Ensembl, kanzidata ya jenomu, na jeni moja ya panya ikipata wenza kadhaa, amua kanuni moja uiandike. Afadhali zaidi, kama data yako ni ya panya, tumia mkusanyo wa panya ambao MSigDB imekuwa nao tangu 2022.